Mpira, Tairi au Gurudumu? Magari ya Mbio ya Mwanzoni mwa Karne ya 20 na Maneno ya Pwani ya Kismayo

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa kozi ya tafsiri aya mbili kuhusu mashindano ya magari yaliyofanyika Ufaransa mwaka 1906. Mada tuliichagua makusudi kwa kuwa ni ya kigeni na ya kiufundi, tukitaka kuona wanafunzi watafanya nini pale ambapo kamusi haiwasaidii sana. Mmoja wao, ambaye wazee wake walitoka Koyama, katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo, aliandika kwamba dereva na fundi wake "waliikata mipira kwa visu." Katika kusahihisha, mwenzetu mmoja alipiga mstari mwekundu chini ya neno mipira, akaandika pembeni "matairi", na kumpunguzia alama mbili.

Mwanafunzi huyo alikuja ofisini, akaamkia, akangoja aketishwe. Kisha akauliza: "Walimu wangu, nyumbani bibi yangu husema mpira wa gari, na mama husema mpira wa gari. Kama gari linakwenda juu ya mpira, kosa langu ni lipi?"

Siku ile hatukuwa na jibu la kuridhisha. Tulimwambia tairi ndilo neno sanifu, naye akaitikia kwa adabu, lakini sisi wenyewe tulibaki tukibishana hadi jioni. Makala haya ni matokeo ya ubishi huo. Tunaomba radhi mapema kwa wasomaji wanaotarajia sarufi tu, kwa sababu tuligundua kuwa hatuwezi kuamua kuhusu neno kabla hatujakielewa kitu chenyewe.

Kitu chenyewe

Magari ya kwanza yalikimbia juu ya magurudumu ya mbao yaliyozungushiwa chuma au mpira mgumu usio na upepo ndani. Mnamo Juni 1895 yalifanyika mashindano kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi Paris, mwendo wa karibu kilomita 1,178. Émile Levassor alifika wa kwanza, baada ya kuendesha kwa zaidi ya saa 48, na gari lake lilikuwa na mipira migumu. Ndugu wawili, André na Édouard Michelin, waliingia na gari lililovikwa mipira ya kujazwa upepo, jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika mashindano ya magari. Walipata pancha njia nzima. Inasimuliwa kwamba walimaliza akiba yao ya mipira ya ndani 22, wakafika wa mwisho nje ya muda uliowekwa. Watu walicheka. Hata hivyo, baada ya miaka michache tu hapakuwa na gari la mbio lililokwenda bila upepo, kwa kuwa mpira mgumu ukipigwa na mawe ya barabara kwa kasi kubwa huvunja gurudumu, na mtikisiko wake huvunja mashine.

Ndani ya mpira wa gari la mbio wa wakati ule hamkuwa na maajabu. Kulikuwa na mpira wa ndani, mwembamba, unaohifadhi upepo. Juu yake kulikuwa na ganda la nje lililotengenezwa kwa matabaka ya kitambaa kizito cha pamba, yakashikamanishwa kwa mpira na kufunikwa kwa mpira mnene upande unaogusa barabara. Shida kubwa ilikuwa katika kile kitambaa. Kilifumwa kama kitambaa kingine chochote, kwa mtande na mshindio. Maneno haya mawili wafumaji wa pwani ya Benadir, kutoka Mogadishu hadi Barawa, waliyajua kwa vidole kabla ya sisi kuyajua kwa kamusi. Sasa fikiria gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 88 hivi, likienda kilomita 100 kwa saa. Huzunguka kama mara 10 kila sekunde. Kila linapozunguka, sehemu iliyo chini hubonyea kwa uzito wa gari na kisha kurudi, na kila inapobonyea, uzi wa mtande husuguana na uzi wa mshindio pale wanapopishana. Nyuzi hujikata zenyewe kwa zenyewe. Msuguano huleta joto, joto hulegeza mpira, ganda hubanduka vipande vipande, na mwishowe hupasuka kwa kishindo. Misumari ya kwato za farasi iliyotapakaa barabarani ilimalizia kazi.

Dawa ilikuja polepole. Mafundi waliacha kufuma, wakalaza nyuzi za tabaka moja upande mmoja bila mshindio wa kuzikatiza, kisha tabaka la pili upande mwingine, na kati yao wakatia mpira ili nyuzi zisigusane.

Hapo ndipo tunafika mwaka 1906, na zile aya mbili za mtihani wetu. Tarehe 26 na 27 Juni, karibu na mji wa Le Mans, magari 32 yalishindana kwa siku mbili kwenye njia ya pembetatu yenye urefu wa zaidi ya kilomita 103, mizunguko sita kila siku. Jua lilikuwa kali. Lami iliyomwagwa ili kuzuia vumbi iliyeyuka na kuruka machoni mwa madereva. Kanuni ziliruhusu watu wawili tu kuligusa gari, yaani dereva na fundi aliyepanda naye. Mpira ulipopasuka, hao wawili walishuka, wakaukata kwa visu kuutoa kwenye gurudumu, wakaubandua kwa mitaimbo midogo, wakavika mpya, wakatia upepo. Kazi hiyo ilichukua kama dakika 15, na ilibidi kurudiwa mara nyingi. Lakini baadhi ya magari, likiwemo la Renault lililoendeshwa na Ferenc Szisz, Mhungaria, yalikuwa na rimu za kufunguliwa za Michelin. Mpira ulikuwa tayari umevikwa kwenye rimu na kujazwa upepo. Fundi alifungua nati nane, akatoa rimu na mpira wake, akafunga nyingine. Chini ya dakika nne, wakaondoka.

Szisz alishinda kwa tofauti ya zaidi ya nusu saa mbele ya Felice Nazzaro wa Fiat, kwa kasi ya wastani ya kilomita 101 kwa saa. Katika umbali wote ule wa kilomita 1,238, kila gurudumu lake lilizunguka zaidi ya mara 440,000. Magari 11 tu ndiyo yaliyomaliza. Mtu akisema mashindano yale yalishindwa na injini, hajasoma vizuri. Yalishindwa na nati nane.

Miaka mitano baadaye, huko Indianapolis, Marekani, Ray Harroun alishinda mbio za maili 500 kwa njia nyingine kabisa. Alipunguza kasi kwa hesabu, akakaa karibu na kilomita 120 kwa saa, ili mipira yake idumu na asisimame mara nyingi kama wenziwe waliokuwa wakimpita. Mwalimu wa Kiswahili hushawishika kuleta methali hapa. Tunajizuia.

Masizi na kiberiti

Picha za magari ya miaka ile huwashangaza wanafunzi kwa jambo moja: mipira ni myeupe, au ya kijivu. Rangi ya mpira wa kawaida uliokauka ni ya maziwa yaliyochujuka, na viwanda viliutilia unga mweupe wa oksidi ya zinki ili uwe imara. Mnamo 1904 ndipo mafundi wa kiwanda kimoja cha Silvertown, London, walipogundua kwamba masizi yakichanganywa na mpira huufanya usilike upesi. Ilichukua kama miaka kumi hivi kabla ya ugunduzi huo kuenea, na ndiyo sababu ya matairi ya leo kuwa meusi. Masizi haya hutengenezwa kiwandani kwa kuchoma mafuta au gesi pasipo hewa ya kutosha, lakini ni ndugu wa damu wa yale yanayokaa chini ya sufuria jikoni. Katika majibu ya mtihani wetu, wanafunzi wengi waliandika "kaboni nyeusi", tafsiri ya neno kwa neno ambayo haimpi msomaji picha yoyote. Mmoja tu aliandika masizi. Alikuwa ni yule yule mwenye mipira yake.

Jambo la pili ni salfa. Mpira wa porini, kama ulivyo, hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa pamoja na salfa hubaki laini na imara katika hali zote mbili. Vitabu vyetu vya sayansi huandika salfa, na si vibaya. Lakini Kiswahili cha zamani kina "kiberiti upele", na neno kiberiti lenyewe ni la Kiarabu, likimaanisha salfa kabla halijawa njiti ya kuwashia moto. Hatupendekezi kwamba walimu wa kemia warudi kwenye kiberiti upele. Tunasema tu kwamba anayedai Kiswahili hakikuwa na njia ya kulieleza jambo hili angeanza kwa kufungua kamusi kongwe.

Mtambaazi wa msituni

Sasa turudi kwenye neno lililopigwa mstari mwekundu. Kwa asili, mpira si kitu cha kiwandani, bali ni jina la mmea. Wataalamu wa mimea huuita Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Ni mtambaazi wa misitu ya pwani, unaopatikana nyuma ya Lamu na kushuka hadi Msumbiji, na una undugu na mbungo, ule ambao matunda yake, mabungo, hukamuliwa juisi Unguja na Mombasa hadi leo. Gome likikatwa hutoa utomvu mweupe. Utomvu wa mtambaazi huu huganda upesi sana, na wachumaji waliuvuta kama uzi na kuuviringisha, uzi juu ya uzi, mpaka ukawa donge la mviringo. Madonge hayo ndiyo yaliyopelekwa sokoni.

Msomaji ataona mara moja tunakoelekea. Kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 zinataja maana zote kwa pamoja: mmea, utomvu wake uliokauka, na kitu cha mviringo cha kuchezea. Kwa maoni yetu, hapana haja ya kutafuta mbali sababu ya timu zetu kucheza "mpira". Donge lilikuwa tayari la mviringo na tayari linadunda kabla halijapanda meli. Baadaye maana ikaendelea kupanuka: mpira wa kumwagilia bustani, mpira wa ndani wa baiskeli, na hata ile mipira inayogawiwa zahanati, ambayo husababisha vicheko darasani kila mwaka.

Bandari ya Lamu ilisafirisha mpira wa porini pamoja na pembe za ndovu, ngozi na boriti za mikoko, na miongoni mwa waliouchuma walikuwa Waboni, wawindaji wa msitu unaofika hadi nyuma ya Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya na Somalia. Tukumbuke kwamba mpaka huo wa sasa haukuwepo. Mwaka uleule wa 1895 ambao ndugu Michelin walipata pancha zao, Waingereza walitangaza himaya yao ya Afrika Mashariki, na Kismayo ilikuwa ndani yake. Iliendelea kuwa ndani hadi 1925, Jubaland ilipokabidhiwa Italia. Kwa hiyo katika miaka yote tunayoizungumzia, jahazi lililotoka Kismayo kwenda Lamu na Mombasa likipitia Koyama, Chovai na Chula lilikuwa likitembea katika pwani moja, yenye serikali moja na, kwa kiasi kikubwa, lugha moja.

Hatudai kwamba Szisz alishinda kwa mpira wa Lamu. Wenye viwanda walithamini zaidi mpira wa Amazon, uliojulikana kwa jina la bandari ya Para. Wa mitambaazi ya Afrika ulihesabiwa daraja la chini, mara nyingi kwa sababu ulifika ukiwa na mchanga na vipande vya magome. Lakini njaa ya mpira iliyoletwa na baiskeli na magari haikuchagua. Huko Kongo, chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, wanavijiji walilazimishwa kuchuma mpira wa mitambaazi kwa bunduki, kwa kuwashika wake zao mateka, na kwa kukatwa mikono. Kelele zilizopigwa Ulaya na Marekani zilimfanya Leopold apokonywe nchi hiyo mwaka 1908, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Tunapowaonyesha wanafunzi picha ya gari la mbio la 1906 lenye mipira yake myeupe mizuri, tunaona ni haki waambiwe na hili.

Biashara ya mpira wa porini haikudumu. Mwaka 1876 Henry Wickham alichukua mbegu za mpira wa Brazil hadi London, na miche yake ikapelekwa Ceylon na Malaya. Bei ilipanda hadi kilele mwaka 1910, kisha mashamba ya Asia yakaanza kutoa kwa wingi, na kufikia 1913 bei ilianguka. Wajerumani waliokuwa wamepanda aina nyingine ya mpira huko Tanga na Muheza walipata hasara na kung'oa. Wachumaji wa msituni waliacha. Mmea ukabaki msituni bila mnunuzi, na jina lake likabaki mdomoni mwa kila mtu.

Upepo, usukani na maegesho

Mmoja wetu alipokuwa akieleza jambo hili katika semina ya idara aliulizwa: sawa, mpira ulitoka msituni, lakini Mbajuni ni mtu wa bahari, ana nini na gari? Swali zuri. Jibu ni kwamba ukisikiliza Kiswahili cha gari utadhani umesimama ufukweni.

Chukua usukani. Ni neno la Kiarabu, nalo lilikuwa jina la kile kibao cha nyuma ya chombo kinachokielekeza majini. Gari lilipokuja, dereva alipewa usukani wa nahodha. Katika Kiarabu cha Ghuba usukani wa gari ni sukkān vilevile, na Waswahili wanaoishi Oman hulisikia kila siku bila kuhitaji mkalimani. Chukua kuegesha, yaani kukisogeza chombo kando ya gati au ufuo. Leo miji yetu imejaa vibao vya maegesho. Abiria, shehena, kupakia na kupakua, vyote vilikuwa vya jahazi kabla ya kuwa vya lori. Chombo chenyewe kimepanda barabarani: Tanzania, sheria na polisi huzungumzia "vyombo vya moto". Hata watangazaji wa mbio za magari husema mashindano "yameng'oa nanga", ingawa hakuna nanga kilomita mia tano kutoka pale. Wasomali nao wamepita njia hiyohiyo. Gari kwao ni baabuur, na neno hilo lina asili moja na jina la meli ya mvuke, kama vapore ya Kiitaliano.

Lakini tunalolipenda zaidi ni upepo. Mwalimu wa fizikia atasema hewa iliyo ndani ya tairi ina kanieneo fulani. Fundi hasemi hivyo. Fundi husema tairi halina upepo, tia upepo, upepo umezidi. Katika sayansi, upepo ni hewa inayotembea, na hewa iliyofungiwa ndani ya mpira haiendi popote. Mwanafunzi mwerevu anaweza kusema fundi amekosea. Sisi tunaona fundi amerithi. Kwa watu wanaokwenda kusini kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, upepo ndio hewa ifanyayo kazi, hewa ibebayo chombo. Hewa iliyo katika mpira hubeba gari. Ni upepo.

Na kuna mfano wa tatu, ambao si wa msamiati bali wa fikra. Wabajuni na jirani zao wa visiwa vya Lamu ndio waliojulikana kwa kuunda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Chombo kilichopigiliwa misumari kikigonga fungu la mchanga hupasuka. Mtepe hujipinda kidogo, ukastahimili. Hilo ndilo somo lilelile la mwaka 1895: kigumu huvunjika kwa mshindo, chenye kubonyea hustahimili, ila sharti utunze nyuzi zake. Mtepe wa mwisho ulitoweka baharini kwenye nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakati uleule ambao magari yenye mipira ya upepo yalikuwa yakienea. Tulipomweleza mwanafunzi wetu hivyo, alicheka, akasema bibi yake angesema Michelin walichelewa.

Uamuzi

Sasa, mpira, tairi au gurudumu? Tulichokubaliana baada ya ubishi wote ni hiki. Gurudumu ni kitu kizima kinachozunguka, kiwe cha mbao, cha chuma au chenye mpira. Mkokoteni una magurudumu, na hauna tairi kwa lazima. Tairi, kutoka Kiingereza, ni ganda la nje peke yake, na wengi huliweka katika ngeli ya li-/ya-. Mpira ni mada yenyewe na kila kilichotengenezwa kwayo, ukiwemo mpira wa gari, katika ngeli ya u-/i-. Katika matini ya kiufundi ambapo ganda, mpira wa ndani na rimu vyote vinatajwa katika sentensi moja, tairi husaidia kutofautisha. Katika masimulizi, mpira wa gari si kosa, na anayelisahihisha anasahihisha Kiswahili cha zamani kwa Kiswahili cha mkopo. Tairi likiisha na kuwa kipara, mafundi wa viatu hulichonga makatambuga, na hapo hakuna anayeuliza tena ni neno gani lililo sanifu.

Baadhi ya wenzetu wameona kuwa tumelikuza jambo dogo. Alama mbili tu. Tungekubaliana nao kama neno moja lisingekuwa na uzito mahali pengine. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1991, Wabajuni wengi walikimbia visiwa vyao na mji wa Kismayo kwenda Kenya, na baadhi yao wakafika Uingereza na nchi nyingine za Ulaya kuomba hifadhi. Huko, madai yao yamepimwa mara nyingi kwa uchambuzi wa lugha: mtu hurekodiwa akizungumza, na mchambuzi hutoa maoni kama usemi wake ni wa kusini mwa Somalia au ni wa Kenya. Mtu aliyezaliwa Chula, akakulia kambini, akafanya kazi Mombasa, ataleta maneno ya kote alikopita. Akisema tairi, je, ni Mkenya? Akisema mpira, je, amethibitisha kwao? Mwaka 2004 kundi la wanaisimu wa nchi mbalimbali lilitoa mwongozo uliotahadharisha juu ya matumizi ya uchambuzi wa namna hii, na ulisisitiza kwamba ufanywe na wanaisimu wenye ujuzi wa lugha inayohusika. Kalamu nyekundu ya mwalimu haimrudishi mtu mpakani. Lakini tabia ni ileile: kudhani kuwa usemi wa mtu ni neno moja, na kwamba sisi ndio tunaojua ni lipi.

Kibajuni, ambacho upande wa Kenya huitwa pia Kitikuu, kimeelezwa na wanaisimu, wakiwemo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha 1993 kuhusu historia ya lugha za Kisabaki. Msamiati wa sauti na sarufi upo. Msamiati wa gereji, wa bandari na wa jikoni ndio ambao sisi walimu tungeweza kuukusanya kwa wanafunzi wetu wenyewe, wengi wao wakiwa wameketi mbele yetu kila wiki. Mambo mengine yamo katika majina ya mahali tu. Katika orodha ya visiwa kuna Fuma Iyu na Tini, yaani Fuma ya juu na ya chini, na Kismayo yenyewe huelezwa na wengi kuwa ni kisima iyu, kisima cha juu. Mwanafunzi anayetoka huko anajua hili kabla hajaingia darasani.

Tulimrudishia alama zake mbili. Tulimwomba pia aitazame tena sentensi yake ya nne, ambapo "mpira" ulikuwa umetajwa mara mbili kwa vitu viwili tofauti, na msomaji asingejua kilichopasuka ni kipi. Aliichukua karatasi, akakaa nayo pale pale kwenye benchi la nje. Baada ya dakika tano alirudi akiwa amefuta neno moja na kuandika hivi: "Mpira wa ndani ulikuwa mzima; wa nje ndio uliokwisha." Hakuna aliyetaka kuongeza kitu.